Kisu cha Kupogolea Nyanya

Nianze na mdogo wangu. Mimi mwenyewe zamu yangu itafika, na ikifika hutanipenda, kwa hiyo acha kwanza nikusimulie habari za mtu wa kupendeka.

Shamba zima la majaribio wanamwita Rula. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, lakini ukienda getini ukamtaja kwa jina hilo, mlinzi atakuapia kwamba hajawahi kumwona mtu huyo. Sema Rula, utaonyeshwa sasa hivi: yule mwembamba, suruali imekunjwa juu ya vifundo vya miguu, penseli sikioni, mkononi ubao mrefu wa sentimita anaoupaka rangi upya kila msimu. Kazi yake kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kupima nyanya. Si kuzilima, kuzipima.

Watu walikuwa wakicheka. Mume wangu ni fundi cherehani, anashinda na futi shingoni, na yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kumchokoza. "Shemeji, mimi wateja wangu wanalalamika suruali inabana. Wa kwako wanalalamika nini?"

"Kiu tu," Rula anajibu, hata hacheki. "Na hawanenepi kati ya kupimwa na kuja kuchukua nguo."

Kazi yenyewe ni hivi. Kila msimu daktari wa mimea, mama mmoja mpole mwenye miwani inayoteleza puani, alileta mbegu za aina sita kwenye bahasha zisizo na majina. Namba tu, moja hadi sita. Shamba liligawanywa vitalu vinne, na ndani ya kila kitalu namba zote sita zilipandwa, kila moja kwenye kipande chake, kwa kuchanganywa makusudi, ili asije mtu akasema namba fulani ilipendelewa ikapewa udongo mzuri. Kila Jumatatu Rula alipita mche kwa mche. Urefu. Vichala. Maua. Matunda yakianza, anachuma, anahesabu, anapima kwenye mizani, anaandika. Mwisho wa msimu daktari anajumlisha na kutangaza aina iliyozaa vizuri zaidi, na wakulima wa bonde zima wanapanda hiyo. Watu wanakula kachumbari wanafuta midomo, hawajui kwamba kuna mtu alipiga magoti akahesabu maua yake.

Aliingia pale akiwa kibarua wa kubeba maji. Siku moja daktari alikuta maandishi ya mkaa ukutani mwa stoo: tarehe ambazo kila kipande kilitoa ua la kwanza. Akafoka, nani kachafua ukuta? Rula akanyoosha kidole kama mtoto wa shule. Daktari akasoma ukuta ule kuanzia juu hadi chini, kisha akampa daftari. Tangu hapo huyo ndiye Rula. Nyumbani kwangu alimpima binti yangu kwenye fremu ya mlango kila mwezi, akanigundulia na kwamba mlango wenyewe umepinda kwa sentimita mbili. Nilimwambia aondoke na sentimita zake, mlango unafunga.

Sasa kuna kitu kinaitwa kupogolea. Nyanya huchipua vitawi vya pembeni, hivyo visipoondolewa mmea unakuwa kichaka, unazaa majani. Vibarua wengine walivinyofoa kwa vidole. Maji ya nyanya yakikukaa mkononi yanageuka meusi ya kijani, sabuni haiyatoi, na Rula alikuwa anakuja kula kwangu na vidole kama vya fundi wa magari. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nilisema, nikasema tena, mwisho nikachoka kusema nikaenda sokoni nikamnunulia kisu kidogo cha kukunja, mpini wa mti. "Shika. Kata kama mtu mstaarabu, uje mezani na mikono ya binadamu."

Alikipenda kile kisu kupita kiasi. Alikinoa mpaka kikawa kinanyoa nywele za mkono. Akimaliza kipande kimoja anakifuta kwa kitambaa anachokiweka mfuko wa shati, ndipo anaingia kipande kingine. Daktari alimwona nacho akamwambia, "Usafishe lakini." Akajibu, "Nasafisha kila kipande, mama." Na alikuwa anasema kweli tupu. Hakuna aliyemuuliza anasafisha kwa kitu gani, naye kitambaa kikavu kilimtosha, kwa sababu kisu kiling'aa.

Mimi nina shamba dogo nyuma ya nyumba. Mistari sita ya nyanya, basi. Aliliacha mama, na kabla ya kuniachia alilitia samadi miaka thelathini mpaka udongo ukawa mweusi, unaufinyanga mkononi. Cherehani ya mume wangu inatuvisha, lakini kinachotulisha ni mistari ile sita. Mstari wa kwanza uko hatua tano kutoka mlango wa nyuma, penye tangi la maji, na wa sita uko kando ya uzio. Nikifungua maji yanaanzia kwenye tangi, yanateremka mstari baada ya mstari hadi uzioni. Rula akija kunisaidia Jumamosi alipita kwenye upenyo wa uzio, kwa hiyo alianzia mstari wa sita akaishia mlangoni kwa chai. Siku zote. Mtu mwenyewe umeshamjua.

Msimu huo nilipanda namba nne. Miche ilibaki, daktari akaruhusu wafanyakazi wagawane, na Rula akaniletea yote ya namba nne, kwa sababu ndiyo aliyoipenda, ingawa hakutakiwa kupenda. Ilikuwa na shina nene na vichala vinavyoning'inia hadi unavionea huruma. Nilijua mwaka huo tutashiba.

Wiki ya sita, Jumatatu, Rula alipima na kupogolea vitalu vitatu, na alipofika cha nne akaanza kutetemeka. Homa. Mlinzi wa geti, mzee mmoja mbishi asiyependa visu vya watu, akamalizia kile kitalu kwa vidole vyake, huku akianzia mwisho kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Rula aliletwa kwangu, akalala siku nne chumba cha binti yangu. Mkoba wake niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumatatu iliyofuata alirudi kazini bado miguu haina nguvu, na saa sita mchana akaona mche mmoja wa kitalu cha kwanza umelegea. Majani yamelala kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa. Jioni ukasimama tena, mzima. Kesho yake saa sita ukalala tena, na wenzake wawili. Siku ya tatu haukuinuka. Ulikufa ukiwa kijani kibichi, bila doa wala mdudu, na hicho ndicho kilichomtisha.

Daktari alikata shina, akaning'iniza kipande chake ndani ya glasi ya maji safi, akawaambia wafanyakazi wasogee. Wakaizunguka glasi. Baada ya dakika mbili hivi uzi mweupe ukaanza kutoka kwenye shina, ukashuka taratibu mpaka chini ya glasi kama maziwa. Daktari akavua miwani. "Mnyauko wa bakteria," akasema. Hauna dawa. Ukiingia kwenye udongo unakaa miaka na miaka, na hapo hupandi tena nyanya, hupandi viazi, hupandi pilipili wala bilinganya. Vyote hivyo ni chakula chake.

Daktari alisema umeletwa na maji. Wakachimba mifereji, Rula naye na homa yake ya mwisho mwisho akachimba. Lakini miche ikaendelea kufa. Kila mche uliokufa aliuwekea msalaba kwenye ramani ya daftari lake, na misalaba ile haikufuata mteremko.

Jumamosi alasiri akaja kwangu. Hakupita kwenye uzio, alizunguka njia ya mbele kama mgeni akabisha hodi. Nikajua kuna jambo. Akaweka daftari juu ya meza, akalifungua, akakaa.

"Dada, si maji."

"Ni nini sasa?"

"Angalia. Unaanzia hapa, unapanda, unageuka, unashuka, unageuka." Kidole chake kikapita juu ya misalaba bila kuinuka. "Vitalu vitatu. Cha nne, ambacho homa ilinizuia kukigusa, hakina msalaba hata mmoja. Huu ni mwendo wangu, dada. Hivi ndivyo ninavyotembea. Ni kisu."

Loo, nililipuka. Sikungoja hata kumeza mate. Nikamwita mjinga, nikamwita mzembe, miaka kumi na mmoja ya kuhesabu vichala na hajui kwamba kisu kinaoshwa! Kitambaa! Kitambaa kikavu! Nikamwambia ameua shamba la watu, na kama ameua na la mama asinikanyagie tena kizingiti. Yote hayo nayasema kwa kisu nilichonunua mimi. Mume wangu akasema, "Mama, taratibu," nikamgeukia na yeye nikampa sehemu yake.

Rula akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Kwako sijakata tangu Jumamosi kabla ya homa. Wakati ule kisu kilikuwa bado kizima, naamini. Lakini kisu kilikuwa hapa kwako siku nne. Kuna mtu alikigusa?"

Nikaanza kummiminia chai.

"Nauliza kwa sababu moja," akaendelea. "Kama kilikata huku, miche ya mwanzo ndiyo inayobeba uchafu mwingi, baadaye unapungua. Tunang'oa mistari miwili ya mwanzo leo hii, tunachoma, tunafunga maji yasiteremke. Tunaokoa minne, na udongo wake. Lakini iwe leo. Ikishaanza kulala saa sita, tumechelewa."

Sasa ndiyo zamu yangu.

Alhamisi ile ya homa yake, yeye amelala anatokwa jasho, mimi nilitoka nyuma nikaona vitawi vimekuwa kichaka. Nikasema masikini mdogo wangu, akipona atakuta kazi imelundikana. Nikaingiza mkono mkobani nikachukua kisu. Nilipogolea mistari yote sita, naimba, nashangaa jinsi kinavyokata. Nikakifuta kwa kile kitambaa kama nilivyomwona anafanya, nikakirudisha. Sikumwambia, nilitaka aone mwenyewe afurahi.

Ningeyasema hayo pale mezani, maneno hayazidi kumi. Lakini sekunde chache tu kabla ya hapo nilikuwa nimemwita muuaji, kwa sauti hadi binti yangu akasimama mlangoni. Ulimi uliotukana namna ile ungegeukaje?

"Nani aguse kisu chako?" nikasema.

"Nimeona umepogolea."

"Kwa vidole." Mikono nikaiweka chini ya meza.

Akashusha pumzi. Uso wake ukafunguka, akaniambia asante, dada, angalau hilo. Asante! Akanywa chai yake akaondoka.

Jumatatu alikusanya watu wote wa shamba, daktari, vibarua, mlinzi, akawasomea ramani yake. Akasema, "Ni mimi na kisu changu." Hakuna aliyemlazimisha. Wangeendelea kuchimba mifereji mpaka leo. Vitalu vitatu vikang'olewa na kuchomwa, kisu akakitupa mwenyewe katikati ya moto, na jaribio la msimu likafungwa bila jibu. Hakumwaga unga, lakini daftari lilichukuliwa, akapelekwa stoo kuosha kreti. Vibarua wakapata la kusema: "Rula, mwaka huu umepima mpaka kaburi." Mume wangu aliponisimulia hayo nikaenda jikoni nikajitia hamnazo na masufuria.

Usifikiri sikupata nafasi. Jumatatu nilipata nafasi. Jumanne asubuhi nilipata. Jumanne ni siku ya kufungua maji, na nisipofungua mume wangu atauliza kulikoni. Nikasimama pale kwenye tangi, mkono juu ya koki, nikijua vizuri kabisa ninachokiteremsha ikiwa kipo. Nikafungua. Maji yakapita mstari wa kwanza, yakaingia wa pili, yakaingia wa tatu, yanang'aa, mimi nimesimama nayaangalia. Niliogopa aibu kuliko njaa. Nakwambia ukweli ulivyo.

Nikawa siwezi kukaa ndani saa sita ikikaribia. Asubuhi naona nyanya zimesimama wima, vichala vimejaa, vingine vimeanza kupata rangi, najiambia umeona, hakuna kitu, ulikata huku kisu kizima. Jua likipanda naacha ugali jikoni natoka, natembea mstari kwa mstari nikigusa majani. Binti yangu akauliza natafuta nini. Nikamwambia wadudu.

Alhamisi, mche wa tatu mstari wa kwanza ulikuwa umelala.

Nikaumwagia maji ndoo nzima, mpumbavu mimi. Jioni ukasimama. Nikajiambia ni jua, jua la siku ile lilikuwa kali kwa kila mtu. Ijumaa ililala minne, na ni siku ya maji, na nikafungua tena kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na futi shingoni ananiangalia. Binti yangu akachuchumaa kando ya mmoja akasema, "Mama, huyu halali, huyu anaumwa." Nikamfokea aende akafue sare yake.

Jumamosi Rula akaja, kupitia kwenye uzio, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Bila ubao wake. Nilimwona kupitia dirishani anaingia mstari wa sita, anainua kichala kimoja kwa viganja viwili, anatabasamu. Mstari wa tano. Wa nne. Wa tatu akasimama. Ilikuwa saa sita na nusu.

Hakuniita. Aliingia jikoni, akachukua kisu changu cha kukatia vitunguu, akakichemsha kwanza. Akatoka, akarudi na kipande cha shina, akajaza glasi maji akaiweka katikati ya meza. Tukakaa wote wanne tukiitazama, na mimi ndiye peke yangu niliyekuwa najua. Uzi ukashuka. Ulishuka taratibu, mweupe, ukajikunja chini ya glasi, ukafuatwa na mwingine.

Mume wangu akasema, "Basi."

Nilitegemea Rula alie. Nilitegemea ajilaumu, na mbaya zaidi, nilitumaini ajilaumu: kwamba alikuja na viatu vya kazini, kwamba ugonjwa uling'ang'ania kwenye suruali yake, kwamba ni yeye, tena ni yeye, nami nitampigapiga mgongo na kumsamehe. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumsamehe. Lakini yeye alimwomba binti yangu karatasi ya daftari na penseli. Akachora mistari sita, akatoka nayo.

Alichukua muda mrefu. Tulimwona akiinama, akisimama, akiinama. Aliporudi akaiweka karatasi mezani, akaigeuza ili mlango wa kwenye mchoro utazame mlango wa kweli. Mstari wa kwanza, misalaba tisa. Wa pili mitano. Wa tatu miwili. Wa nne, wa tano na wa sita mitupu, kwa siku ile.

Akaitazama weee.

"Mimi huanzia uzioni," akasema. Aliiambia karatasi.

Kisha akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa na mtu namna ile, bila hasira hata chembe, macho yaleyale anayopimia. Akashika penseli.

"Dada, ulianzia wapi?"

Binti yangu alikuwa pale, mume wangu pale.

"Mlangoni," nikasema.

Akaandika. "Siku ngapi zimepita?"

"Kumi na sita."

Akaandika. "Na maji, umefungua mara ngapi tangu Jumamosi ile niliyokuuliza?"

"Mara mbili," nikasema, naye akaliandika na hilo, chini ya mengine, kwa mwandiko wake mzuri.